DISKI MPYA IKIONYESHA NAFASI PUNGUFU: TUPIME KABLA YA KUMSHITAKI MTU

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wa jamii, ambaye naye ni mkimbizi, mbele ya wakazi waliokusanyika katika ukumbi wa vijana. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Leo sikuja kusema juu ya maji wala vyoo kama mlivyozoea kunisikia. Nimekuja kusema juu ya diski ya kompyuta, yaani kile chombo cha ndani ambamo kompyuta, au ordinatere kama wengine wetu tunavyoiita, huweka kumbukumbu zake zote. Najua wapo watakaosema, "Sisi hatuna kompyuta, jambo hilo latuhusu nini?" Nawaomba mnivumilie. Jambo hili nusura liharibu jina la kijana mmoja, na jina la mtu likiharibika kambini halisafishwi kwa sabuni ya mgao.

Mambo yalivyokuwa

Kuna kikundi kimoja cha akiba chenye kibanda cha kupiga picha za pasipoti, kutoa nakala na kuandika barua. Diski ya kompyuta yao ilikuwa ndogo, nayo ilijaa. Wanakikundi walichanga fedha kwa muda wa miezi mitano. Zilipotimia wakamtuma kijana wa miaka kumi na tisa aende mjini akanunue diski mpya. Kwenye kartoni yake iliandikwa 1 TB, maana yake terabaiti moja, ambayo ni gigabaiti 1,000. Fundi akaifunga. Kompyuta ilipowashwa ikaonyesha gigabaiti 931.

Mama mweka hazina akafanya hesabu ya kutoa, kama anavyofanya kwenye daftari lake kila juma. Elfu moja toa mia tisa thelathini na moja, zinabaki sitini na tisa. Akauliza, "Hizi sitini na tisa zimekwenda wapi?" Hakuna aliyejibu. Basi maneno yakaanza. Wengine wakasema kijana amenunua diski ndogo ya bei nafuu, akaitia katika kartoni ya diski kubwa, na chenji ameila. Wengine wakasema ni mwenye duka aliyempunja. Jioni habari ilikwisha fika bloku tatu.

Baba yake, mzee anayeheshimika, akasema atauza mahindi yake alipe fedha hizo ili mambo yaishe. Yule kijana akamwambia, "Baba, ukilipa utakuwa umekubali kwamba mimi ni mwizi." Mzee akanyamaza.

Mimi habari nilizipata siku ile ile, wala sikusema neno. Nimesoma sekondari, na nilipata mafunzo ya kompyuta ya miezi mitatu, kwa hiyo nilikuwa na fununu ya sababu. Lakini sikuwa na hakika, tena niliogopa watu wasije wakasema namtetea kijana mwenzangu. Nilikaa kimya siku mbili. Katika siku mbili hizo kijana aliondolewa katika kikundi, na hata bombani hakwenda tena kuchota maji kwa sababu ya macho ya watu. Hilo ni kosa langu, nami nalisema mbele yenu.

Vipimo viwili, jina moja

Sasa tusikilizane vizuri. Katika diski, kipimo kidogo tunachohesabia huitwa baiti. Kwa maandishi ya kawaida ya Kiingereza au ya Kiswahili, herufi moja huchukua baiti moja. Jina Amina lina herufi tano, basi ni baiti tano. Picha moja ya simu inaweza kuchukua baiti milioni mbili, tatu au zaidi.

Viwanda vinavyotengeneza diski huhesabu kama sisi tunavyohesabu sokoni, kwa elfu elfu. Kilobaiti ni baiti 1,000. Megabaiti ni baiti milioni moja. Gigabaiti ni baiti bilioni moja. Terabaiti ni baiti bilioni elfu moja.

Kompyuta kwa ndani haihesabu kwa kumi kumi. Yenyewe huhesabu kwa kuongeza maradufu: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512, kisha 1,024. Watu wa zamani wa kompyuta waliona kwamba 1,024 iko karibu sana na 1,000, wakaiita nayo kilo. Ukifuata hesabu hiyo, kilobaiti ni baiti 1,024, megabaiti ni hiyo mara 1,024, na gigabaiti ni hiyo tena mara 1,024. Mwishowe gigabaiti moja inakuwa baiti 1,073,741,824, wala si bilioni kamili.

Mwanzoni tofauti ilikuwa ndogo, baiti 24 tu katika kila elfu, na hakuna aliyejali. Lakini kila unapopanda daraja tofauti inakua. Kwenye gigabaiti, kipimo cha kompyuta kimezidi kipimo cha kiwanda kwa zaidi ya saba katika mia.

Nawapa mfano wa nyumbani. Tuseme umepewa maharagwe kilo 1,000, yamepimwa kwa mizani. Umeyafikisha nyumbani, lakini huna mizani, una kopo. Kopo lako ni kubwa kidogo, linaingia kilo moja na gramu 74. Ukiyapima maharagwe yote kwa kopo hilo utapata makopo 931. Je, kuna aliyekuibia? Hakuna. Hata punje moja haikupotea. Kosa ni kuliita kopo lako "kilo", halafu kulinganisha kilo za mizani na kilo za kopo.

Kompyuta za Windows hufanya hivyo hivyo. Hupima kwa kopo kubwa, lakini huandika GB, jina lile lile ambalo kiwanda kimeliandika kwenye kartoni. Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya vipimo vya umeme ilitoa jina la pekee kwa lile kopo kubwa, ikaliita gibibaiti, na kifupi chake GiB. Windows haikulifuata mpaka leo. Kompyuta za Apple, kuanzia mwaka 2009, zinahesabu kwa elfu elfu kama kiwanda. Diski ile ile ukiichomeka huko utaona 1 TB.

Kwa hiyo mjue mapema mtakachokiona kwenye Windows:

Kartoni ikisema 250 GB, kompyuta huonyesha 232.
Kartoni ikisema 320 GB, kompyuta huonyesha 298.
Kartoni ikisema 500 GB, kompyuta huonyesha 465.
Kartoni ikisema 1 TB, kompyuta huonyesha 931.
Kartoni ikisema 2 TB, kompyuta huandika 1.81 TB.

Asiyeweza kukumbuka orodha hii na achukue gigabaiti za kartoni, azidishe kwa 93, kisha agawanye kwa 100. Atakuwa karibu kabisa na jibu.

Siku ya kikao

Siku ya tatu mwenyekiti wa bloku aliitisha kikao, nami nikaenda. Nilieleza mfano wa maharagwe. Mzee mmoja akasema, "Mwanangu, maneno yako ni matamu, lakini hata mwizi ana maneno matamu. Tuonyeshe kwa macho." Alisema kweli. Basi tukaenda wote kibandani.

Jambo jema ni kwamba kompyuta yenyewe huandika vipimo vyote viwili mahali pamoja, ila watu wengi hawapatazami. Nendeni mahali pa kuonyesha diski, wekeni mshale wa mausi juu ya diski mnayoitaka, bonyezeni kitufe cha kulia, kisha chagueni neno Properties. Litafunguka dirisha. Kwenye mstari wa Capacity kuna tarakimu nyingi zilizopangana, ndizo baiti zenyewe, na pembeni yake kuna gigabaiti.

Nilimwomba mama mweka hazina azisome yeye mwenyewe. Akavaa miwani akasoma: 1,000,202,039,296. Na pembeni: 931 GB. Nikamwuliza, "Mama, hizo baiti ni bilioni ngapi?" Akahesabu vikundi vya tarakimu tatu tatu kwa kidole, akasema, "Bilioni elfu moja, na nyingine zimezidi." Nikamwambia, "Hiyo ndiyo terabaiti moja mliyoilipia."

Akakaa kitambo bila kusema. Kisha akamgeukia yule kijana akamwita mwanangu, akamwomba radhi mbele ya watu wote, akaandika jina lake tena katika daftari la kikundi. Kijana alirudi kazini, ingawa alikataa kutumwa tena mjini kununua kitu, wala mimi simlaumu.

Kama upungufu ni mkubwa zaidi

Lakini msiondoke hapa mkidhani kila upungufu ni wa kopo na mizani. Kama kartoni inasema 1 TB na kompyuta inaonyesha 232, hapo hesabu ya 93 katika mia haifiki. Kuna jambo jingine. Litafuteni kwa utaratibu huu.

Kwanza, tazameni kama diski yote imegawiwa. Diski ni kama kiwanja. Inaweza kukatwa vyumba, na kila chumba huitwa patisheni. Fundi akihamisha mambo yote ya diski ya zamani kwa kuyanakili kama yalivyo hadi kwenye diski mpya, huhamisha na ukubwa wa vyumba vya zamani. Hilo lilitupata hapa katika chumba chetu cha kompyuta. Tulitoka kwenye diski ya 250 GB tukaenda kwenye ya 1 TB, nayo ikaendelea kuonyesha 232. Gigabaiti 698 zilikuwepo, ila ni kiwanja kitupu kisichojengwa.

Ili kuona kiwanja chote, shikeni kitufe cha Windows kwenye kibodi pamoja na herufi R, andikeni diskmgmt.msc, kisha bonyezeni Enter. Mtaona kila diski imechorwa kama ubao, na vyumba vyake vimepangwa mstari mmoja. Mahali penye utepe mweusi na neno Unallocated ndipo pasipogawiwa. Kama pako mara tu baada ya chumba C, upande wa kulia, bonyezeni chumba C kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagueni Extend Volume, na chumba kitapanuka. Kama katikati yao kuna chumba kingine kidogo cha kompyuta yenyewe, maneno hayo yatafifia na hayatakubali. Msilazimishe. Bonyezeni ule utepe mweusi, chagueni New Simple Volume, mtapata chumba kipya kitakachoitwa D au E. Nafasi ni ile ile, mlango tu ndio mwingine.

Hapa natoa onyo. Katika orodha hiyo kuna pia maneno Format na Delete Volume. Hayo hufuta. Msiyaguse kwenye chumba chenye mali yenu. Kabla ya kugusa lolote, nakilini kwanza mambo ya muhimu mahali pengine, na hakikisheni betri ya sola imejaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi mnaweza kupoteza yote.

Pili, kama diski ni kubwa kuliko 2 TB. Upo utaratibu wa zamani wa kuandika mpango wa vyumba, unaitwa MBR. Huo hauwezi kuhesabu kupita gigabaiti 2,048 za kompyuta. Mkifunga diski ya 3 TB kwa utaratibu huo, mtatumia 2,048 na zaidi ya 700 zitabaki bila kazi. Dawa yake ni utaratibu mpya unaoitwa GPT. Diski ikiwa mpya na tupu, ni rahisi kuichagulia GPT mwanzoni, kompyuta inapouliza. Ikiwa tayari ina mali ndani, mwiteni anayejua.

Tatu, kompyuta zilizozeeka sana. Baadhi ya kompyuta za msaada zinazofika kambini ni za miaka mingi iliyopita. Za zamani kabisa hazioni kupita baiti bilioni 137, ambazo zenyewe huziandika kama gigabaiti 128 au chini kidogo. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ilikuwa na mpaka huo, hadi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2002. Kama diski ya 500 GB inaonyesha 128 tu, ijaribuni katika kompyuta ya karibuni zaidi. Ikionyesha 465 huko, diski ni nzima, kompyuta ndiyo iliyochoka.

Nne, msichanganye ukubwa wote na nafasi iliyobaki. Capacity ni ukubwa wote. Free space ni nafasi iliyobaki. Windows yenyewe inakula gigabaiti nyingi kwa programu zake na mafaili yaliyofichwa. Diski mpya iliyokwisha kuwekewa Windows haiwezi kuwa tupu, kama nyumba ambayo tayari ina vitanda.

Diski na flashi za uongo

Sasa nasema jambo ambalo linaniuma zaidi. Kila siku sisi huogopa ile diski inayoonyesha pungufu. Inayopaswa kuogopwa sana ni ile inayoonyesha nyingi kuliko ilizo nazo.

Ziko flashi, kadi za simu na diski za kubeba mkononi ambazo zimeandikwa 1 TB au 2 TB na bei yake ni ya kushangaza kwa urahisi. Ndani yake kuna nafasi ndogo, pengine gigabaiti 32 au 64, lakini zimepangwa ziidanganye kompyuta. Ukiichomeka, kompyuta husema 2 TB bila wasiwasi. Unanakili mafaili, yanaonekana yameingia, majina yake unayaona. Nafasi ya kweli ikijaa, mafaili mapya hayaandikwi kabisa, au huandikwa juu ya yale ya zamani. Siku unayofungua, unakuta jina la faili lakini ndani hamna kitu.

Ndugu yangu mmoja aliweka humo picha za vyeti vyake vya shule na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, alizozipiga kabla karatasi zenyewe hazijaharibiwa na mvua. Alipozihitaji, hazikufunguka hata moja. Kwa mtu aliyekwisha poteza nyumba, kupoteza na cheti ni kupoteza mara ya pili.

Kwa flashi ya namna hii, kusoma baiti kwenye Properties hakusaidii, kwa sababu nayo ni sehemu ya uongo. Dawa ni kuijaza yote na kusoma tena kilichoandikwa. Iko programu ya bure iitwayo H2testw kwa Windows, na nyingine iitwayo F3 kwa Linux. Hizi hujaza flashi kwa mafaili ya majaribio, kisha huyasoma moja moja na kusema yapi yamesalimika. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, nayo lazima ifanyike flashi ikiwa tupu, kabla hujaweka mali yako.

Mambo ya kukumbuka

1. Kabla ya kumtuma mtu, kikundi kiandike kwenye daftari ukubwa unaotakiwa na namba itakayoonekana kwenye kompyuta. Mkitaka 1 TB, andikeni pia 931. Mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Anayenunua adai risiti, atunze kartoni, na ikiwezekana waende wawili.

3. Diski ikifika, someni baiti zote, msiishie kwenye gigabaiti. Mweka hazina azisome mwenyewe.

4. Kama namba ni chini sana ya 93 katika mia, fungueni ubao wa diski mtafute sehemu isiyogawiwa.

5. Flashi au diski ya bei ya ajabu ijaribiwe kwanza kwa kuijaza.

6. Vyeti na picha za ndugu zenu ziwekwe mahali pawili, kamwe si pamoja.

7. Mambo yote hayo yakishindikana, ndipo muulize juu ya mtu. Na mumwulize yeye mwenyewe, ana kwa ana, kabla ya kuwauliza majirani.

Ndugu zangu, sisi tumewahi kupunjwa. Tumepunjwa njiani, tumepunjwa sokoni, na wapo waliopunjwa hata kwenye foleni. Ndiyo maana tukiona namba imepungua, moyo unaruka kabla ya akili. Silaumu moyo huo. Kudai haki yako ni vema, na mama yule alifanya vema kuuliza zile sitini na tisa zimekwenda wapi. Kosa letu lilikuwa kujibu swali lake kabla ya kupima. Nami niliyekuwa na fununu ya jibu nikakaa nalo nyumbani.

Mwenye diski au flashi anayotaka tuitazame pamoja, na aje chumba cha kompyuta siku ya Jumatano mchana, baada ya darasa la watu wazima. Hakuna malipo. Aje na kartoni yake, kama bado ipo.